Namba Moja kwa Zamu

Wimbo wangu wa kwanza nilimtungia baba, na haukuwa wa kumsifu. Ulieleza jioni aliyonifukuza nyumbani, Isansa, kwa kuwa niliacha chuo cha ualimu nikashika gitaa. Nilitaka kitu kimoja tu: ausikie, aone aibu, aniombe radhi. Nikaupeleka kwenye redio moja ya Tunduma yenye kumi bora yake kila Jumamosi, nikasubiri.

Wiki ya kwanza, namba kumi. Ya tatu, namba mbili. Ya nne ukakaa namba moja, ukaganda hapo majuma sita, mastaa wa Dar wakiisoma namba chini yangu. Kichwa kikanivimba. Nikawa navaa miwani ya jua hata sokoni ninakouza vitenge, mpaka wateja wangu wa Zambia wakaniuliza kama naumwa macho.

Kumbe sikuwa na habari. Kura zilipigwa kwa meseji, na baba, alipoambiwa na dereva wa lori la kahawa kwamba bintiye yumo kwenye chati, alizipanga kama tunavyochuma kahawa kwetu: kwa zamu. Jumatatu kaya za mtoni, Jumanne wanakwaya, Jumatano waliobaki, na aliyekwepa zamu yake aliulizwa kanisani mbele za watu. Bibi mmoja aliyeugua alituma udhuru wa maandishi. Ila redio ile haishiki Isansa, vilima vinaizuia. Watu wote wale waliupigia debe wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeusikia. Na mimi nilikuwa nawahurumia wenzangu wasio na kipaji.

Hayo niliyajua nilipoitwa nyumbani kwenye sherehe ya kunipongeza, baada ya miaka mitatu bila kukanyaga pale. Baba alikuwa amechinja mbuzi, amekodi spika kubwa kama kabati, amevaa koti la Pasaka. "Huyu ndiye mwanangu," akawa anamwambia kila anayeingia, na sijawahi kumsikia akinitaja kwa majivuno namna ile. Nikamnong'oneza, "Baba, watu wapate chakula kwanza, muziki baadaye."

"Majuma yote haya tumepigia kura kitu tusichokijua," akanijibu. "Wacha tusikie." Akachomeka flashi aliyoletewa asubuhi ile na yule dereva wa lori, akabonyeza mwenyewe.

Kina mama waliinuka kucheza. Ubeti wa pili wakapunguza mwendo. Wa tatu wakakaa mmoja mmoja, wakijifanya kufunga vitenge vyao vizuri, kwa sababu hapo ndipo baba anapofunga mlango, mvua inanyesha, na binti anagonga. Hakuna aliyethubutu kumwangalia baba. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na nilitamani umeme ukatike.

Wimbo ulipoisha, baba alibaki anaitazama spika.

"Mlango ule sikuukomea," akasema. "Komeo lilikuwa bovu. Nilikaa nyuma yake, nasubiri usukume uingie."