Mhojiwa wa Chigunga

Dorkasi hakuwahi kusoma chuo kikuu, lakini katika njia nzima ya Hombolo hapakuwa na mtu aliyeitumikia elimu ya juu kama yeye. Alikuwa na darasa la nne, mbuzi wanane, na nyumba iliyo hatua thelathini kutoka barabarani. Hatua hizo thelathini ndizo zilizompa cheo. Chuo Kikuu cha Nyanda za Kati, kule Dodoma mjini, kilimtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aende vijijini akafanye utafiti, na kijiji ambacho gari la chuo liliweza kufika na kurudi kabla ya chakula cha mchana kilikuwa Chigunga. Nyumba ya kwanza Chigunga ni ya Dorkasi. Ya pili iko ng'ambo ya korongo lenye miiba.

Chuo chenyewe hakikuwa cha kila mtu. Kilipokea wanafunzi tisini kwa mwaka kati ya maelfu walioomba, na waliopita waliitana "Tisini" kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Walifika kwa Dorkasi wawili wawili, raba nyeupe miguuni, wakaamkia "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kuamsha kijiji. Hilo ndilo neno pekee la Kigogo walilofundishwa. Dorkasi aliitikia kwa Kigogo, akaongeza na habari za nyumbani, na alipoona wameduwaa aliwahurumia akahamia Kiswahili.

"Shikamoo mama. Wewe ni mkuu wa kaya?"

"Marahaba wanangu. Leo mnamtaka nani? Mkuu wa kaya, mjane, au mkulima mdogo?"

Alikuwa vyote vitatu, na alijua tofauti zake. Mwaka wa kwanza walitaka soko huria, naye akawaeleza bei ya karanga tangu ushirika ulipolala. Mwaka uliofuata ilikuwa jinsia, akamsema vibaya marehemu mumewe, mtu mpole asiyewahi kumwinulia hata sauti, maana wale mabinti walikuwa wametoka mbali na hawakuwa na la kuandika. Kisha ukaja ushirikishwaji, akachora ramani ya kijiji kwa majivu. Aliichora mara nyingi hata akaanza kuwarekebisha waliposahau kumwomba aweke kanisa. Hodari huyu, tuseme ukweli, alikuwa mwongo. Lakini uongo wake ulikuwa wa adabu: mgeni kwake haondoki na sura iliyokunjamana. Nao walimwachia mche wa sabuni na kilo ya sukari.

Baada ya maswali walikaa kivulini kungoja gari, na hapo ndipo Dorkasi alipojifunza chuo kikuu. Alijua nani kapata sapu na atarudia mtihani, nani kadisko akarudishwa kwao na godoro lake, na nani anapiga msuli usiku kucha mpaka anaota kwa Kiingereza. Alijua kwamba bwaloni meza ya dirishani ni ya wanaosoma uchumi, na kwamba wanaosoma sosholojia wakikaa hapo wanaangaliwa mpaka wahame. Aliijua sifa ya Daktari Ambokile, mwalimu wa maendeleo, ambaye alikuwa na nadharia moja na hakupenda mwanafunzi aikute imekufa huko vijijini. Nadharia yenyewe ilikuwa kwamba watu wa nyanda za kati wanajitosheleza kwa maarifa yao ya asili, na msaada unawaharibu.

Ndiyo maana Gladness alilia. Huyu alikuwa binti mwembamba wa Tisini. Alikaa juu ya kinu, akamuuliza Dorkasi kama kijiji kimeridhika na maji yake. Dorkasi akacheka. Maji gani? Kila alfajiri wanawake wa Chigunga walitembea saa nzima hadi mto mkavu, wakachimba mchanga kwa mikono, wakasubiri tope lituame. Aliposema hivyo, machozi yakamtoka binti wa watu.

"Mama, nikiandika hayo Daktari atanifelisha. Wawili wa mwaka jana wameshadisko."

"Basi nyamaza, mwanangu. Andika tumeridhika. Andika kuchimba mchanga ni urithi wa bibi zetu."

Gladness aliandika, akapata alama ya juu, na habari zikasambaa mabwenini. Tangu siku hiyo kila aliyefika Chigunga alikuja na swali la maji, na Dorkasi alijua la kujibu.

Mwaka wa tisini na tisa Landrova ya chuo ilimfuata yeye mwenyewe. Kulikuwa na semina kubwa, wakamtaka mdau kutoka kijijini. Mwenyekiti wa kijiji, Petro, ambaye kama wote alimwita kwa jina la mwanawe, alimshika mkono kabla hajapanda. Mfadhili mmoja alikuwa ametoa kisima cha pampu, kimoja tu, na chuo ndicho kilichopewa kazi ya kupendekeza kijiji.

"Mama Abeli, sisi hatuna mtu wa kutusemea pale ila wewe. Kisima kile rudi nacho."

Ukumbini nusu saa ya kwanza ilipotea kwenye viti. Wenye udaktari walikaa mbele, na mmoja ambaye udaktari wake ulikuwa bado njiani naye alitaka kukaa mbele, hadi Profesa Elisante, mkuu wa kikao, akaagiza aletewe kiti kiwekwe katikati ya safu mbili. Dorkasi alipachikwa kifuani kadi iliyoandikwa "Mhojiwa". Gladness, ambaye siku hizi alikuwa mwalimu msaidizi, aliketi kando yake kumtafsiria, maana watu waliomleta ili wamsikilize walizungumza Kiingereza.

Daktari Ambokile alisimama na karatasi zake. Gladness akatafsiri kwa kunong'ona, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilizidi kudidimia. Tafiti arobaini na moja zilikuwa zimefanywa Chigunga. Zote zilithibitisha kwamba wananchi wameridhika na maji ya mchanga. Kuwapa pampu kungevuruga maarifa ya asili. Kwa hiyo pampu ipelekwe kijiji kingine.

Akilini Dorkasi alimwona Petro akingoja barabarani kule Chigunga, akawaona wanawake wenzake mtoni. Akasimama bila kuitwa.

"Shikamooni. Hizo arobaini na moja ni mimi."

"Hapana mama," Daktari Ambokile alisema kwa upole wa mtu mwenye takwimu. "Tumehoji watu wa aina mbalimbali. Mjane, mkulima wa karanga, mfugaji mdogo, mwanamke mwenye kisomo..."

"Mjane ni mimi. Karanga ni zangu. Mbuzi ni wangu, wanane. Kisomo ni changu, darasa la nne. Niliwadanganya watoto wenu kwa sababu walikuwa wanawaogopa ninyi. Maji hatuna. Naomba kisima."

Yule wa kiti cha katikati akacheka. Daktari Ambokile alieleza kwamba mhojiwa akiwekwa mbele ya hadhira hubadili majibu, na kwamba jambo hilo kitaalamu linafahamika. Wakapiga makofi. Profesa Elisante alimshukuru mdau kwa mchango wake, akaamua kwamba pampu itakwenda kijiji kingine na Chigunga itafanyiwa utafiti mpya. Kisha wakaenda kunywa chai na sambusa. Gladness, aliyejua ukweli wote, akawafuata.

Dorkasi aliwaambia kijijini mwenyewe, wala hakujificha. Aibu ilimchoma kuliko siku aliyofiwa. Petro alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Abeli, sukari yao uliinywa peke yako. Kiu tunakaa nayo wote."

Alisema hilo tu. Mtoni wanawake walimwachia nafasi ya kuchimba kama kawaida, lakini hawakumsemesha.

Mwezi haujaisha, Gladness akafika na hojaji mpya. Alikaa palepale juu ya kinu, macho chini, akatoa kalamu. Dorkasi aliingia ndani, akatoka na ndoo.

"Kwanza twende."

Walikwenda. Gladness alichimba mpaka kucha zikakatika, akasubiri, akateka, akajitwika, akamwaga nusu njiani. Gari la chuo lilipiga honi barabarani, halikumwona mtu, likaondoka. Walirudi jua limepita utosini. Dorkasi akamketisha, akachukua hojaji na kalamu, akamsomea swali taratibu, kama wao walivyomsomea miaka yote.

"Je, umeridhika na hali ya maji? Moja, nimeridhika sana. Mbili, nimeridhika. Tatu, nimeridhika kiasi."

Gladness aliivuta karatasi, akatafuta kisanduku chake kwa kidole chenye damu, juu mpaka chini, akageuza na upande wa pili.

"Mama, changu hakipo."

"Na mimi siku ile nilikitafuta hivyohivyo, mwanangu," Dorkasi alisema. "Halafu ukalia."