Tani Moja na Nusu Mgongoni kwa LaVonne

Katika kambi zetu kuna sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mtu anayefunga gari dogo nyuma ya gari-nyumba lake hasemeshwi. Huruhusiwi kumsalimu. Humuulizi habari za mvua. Hata mbwa wake akikimbia na kiatu chako, unangoja amalize kwanza ndipo umdai. Sheria hiyo naijua kuliko wengi, maana kazi yangu ni kununua na kuuza vyuma vya kukokotea magari, vile vilivyokwisha kutumika, kambi hadi kambi, Arizona wakati wa baridi na Wyoming wakati wa kiangazi. Na mimi ndiye niliyeivunja, kwa tamaa ya chuma kimoja.

Chuma hicho kilikuwa cha LaVonne Dierking, mwanamke wa miaka sabini na mmoja kutoka Nebraska. Kwa miaka ishirini na tisa aliendesha basi la shule kwenye nchi iliyolala kama meza. Jambo moja tu alijisifia: hakuna mtoto aliyewahi kumwaga maziwa kwa sababu ya breki zake. Mumewe, Merle, alikuwa fundi wa pampu za visima. Walipostaafu waliuza nyumba na ng'ombe kumi na wanne, wakanunua gari-nyumba la futi thelathini lenye injini ya petroli, na gari dogo jekundu la kukokota nyuma kwa ajili ya kwendea dukani. Kazi waligawana: Merle anafunga, LaVonne anaendesha.

Kisha ugonjwa wa sukari ukala macho ya Merle. Hakulia, wala mkewe hakulia mbele ya watu. Waligawana kazi upya tu. Merle akawa anakaa kwenye kiti cha kukunja na kutaja orodha kwa kichwa, LaVonne anapiga magoti na kutenda.

"Gia?"

"Iko huru."

"Handbreki?"

"Chini."

"Sanduku?"

"Limeshika."

"Kebo? Taa?"

Kila walipohama kambi nzima iliwasikia, na waliokuwa wamelala wakajua saa moja imegonga.

Sanduku hilo ni la breki, na ni mimi niliyewauzia, wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia. Ni kubwa kama mfuko wa fundi, hukaa sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa gari dogo, na mkono wake hushika pedeli. Gari kubwa likipunguza mwendo, sanduku linahisi, linakanyaga. Bila hilo, gari dogo ni tani moja na nusu ya chuma isiyojua kusimama, na mzigo wote unalalia breki za gari kubwa. Kwenye tambarare unaweza kusahau. Mlimani huwezi kusahau mara mbili.

Asubuhi ile ya Agosti tulikuwa juu ya milima ya Bighorn, futi elfu nane na zaidi, kambi ya msituni. Kutoka pale kwenda mji wa Lovell, chini bondeni, barabara haishuki, inaanguka. Kuna sehemu ambako kila futi kumi za kwenda mbele unashuka moja. Nilimkuta LaVonne ameinama ndani ya gari jekundu, sanduku mikononi, Merle kitini amefika kwenye handbreki. Nilipaswa kugeuka. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba ndani ya stoo ya gari-nyumba lao kuna mkono wa kukokotea wa zamani, chuma cha kuunganishia magari mawili, wa aina ambayo haitengenezwi tena, na nilikuwa na mteja wake anayesubiri mjini Cody.

"Mama, ule mkono wa zamani unaendelea kuota kutu bure," nikasema.

"We Royce, huoni nafunga?"

"Naona. Ndiyo maana nimekuja kabla hujaondoka nao."

"Huyo ni fisi," Merle akasema kutoka kitini. "Anasikia harufu ya chuma maili tatu."

LaVonne akacheka. Hapo ndipo nilipompata, maana muuzaji akishacheka ameshafungua mlango. Akaliweka sanduku juu ya kiti cha abiria, akatoka, akafungua stoo. Tukabishana robo saa. Akaniita tapeli mara mbili, akaniita mtoto wa mamba mara moja, tukaafikiana, nikaondoka na mkono begani.

Nyuma yangu nilimsikia Merle: "Tulifika wapi?"

"Kwenye kebo," akajibu mkewe.

"Kebo?"

"Imefungwa."

Walipopita mbele ya gari langu nililiona sanduku. Nililiona kwa macho yangu, limekaa kwenye kiti cha abiria kama mama mkwe anayepelekwa kanisani. Nikapunga mkono. Akili yangu yote ilikuwa kwenye chuma nilichokuwa nakifuta kutu. Zilipita kama dakika kumi, kitambaa mkononi, ndipo macho yaliponiambia yalichokuwa yameona.

Simu juu ya mlima ule haishiki. Niliingia kwenye pikapu yangu na kukanyaga mafuta. Redio ya upepo, ile tunayotumia kuambiana wapi kuna barafu na wapi kuna askari, hufika maili chache tu na mawe huikata. Nikaanza kuita kabla sijafika kileleni.

"LaVonne, LaVonne, ni Royce. Uko wapi?"

Hakuna. Nikapita malisho ya kondoo, nikapita kilele, bonde lote la chini likafunguka, jeupe kwa joto. Nikaita tena.

"Nani?" Alikuwa Merle. "Yule mwizi wa vyuma?"

"Ndiyo mimi. Merle, sikiliza."

"Kama unataka kupunguza bei umechelewa. Mwache mke wangu aendeshe, huku kumekaa vibaya."

"Sanduku la breki liko juu ya kiti. Gari dogo halina breki."

Halafu ikaja sauti ya LaVonne, tulivu kabisa, ile ambayo bila shaka aliitumia watoto walipopigana kwenye viti vya nyuma.

"Nilijua kuna kitu kinanisukuma. Nilidhani upepo."

"Uko gia gani?"

"Ya pili. Nimeomba ya kwanza, imekataa. Inasema naenda kasi mno."

"Mwendo?"

"Maili hamsini na tano. Unapanda."

"Pedeli ikoje?"

"Inazama. Kama kukanyaga mkate."

Hapo nilielewa yote. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Alikuwa amekanyaga kwa adabu, kidogo kidogo, kama alivyokanyaga miaka ishirini na tisa ili maziwa yasimwagike, na mlima hautaki adabu. Mlima unataka ukanyage kwa nguvu, uachie, magurudumu yapoe, ukanyage tena. Na kabla ya yote unataka uwe umeingia gia ya chini ungali kileleni.

Nilipokata kona nikawaona. Gari-nyumba jeupe, gari jekundu likiyumba nyuma yake, na moshi wa bluu ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Harufu ilinifikia hata vioo vikiwa vimefungwa. Nilijua kitu kimoja ambacho wao hawakukijua: baada ya kona mbili, upande wa kulia, kuna njia ya dharura, shimo refu la kokoto lililochimbwa kwa ajili ya malori yanayokosa breki. Bango lake limefichwa na mwamba mpaka ufike juu yake. Nikashika redio niseme.

Haikunipa nafasi. Kidole cha Merle kilikuwa kimeganda kwenye kitufe cha kuongea. Niliwasikia wao, wao hawakunisikia.

"Vonne, harufu gani hiyo?"

"Breki."

"Zetu?"

"Sasa za nani, Merle?"

"Punguza basi."

"Napunguza na nini? Na sala?"

Nilipiga honi. Niliwasha taa, nikazima, nikawasha. Nilifikiria kumpita nikae mbele yake nimzuie na pikapu, nikaona ni upumbavu: tani tisa zingenipanda tu na kuendelea na safari. Kona ya kwanza aliichukua akiwa nusu upande usio wake. Gari jekundu likapiga ukingo wa chuma, cheche zikaruka, likarudi.

"Nini hiyo?"

"Gari limegusa ukingo."

"Limeumia?"

"Merle, umefunga mkanda?"

"Tangu kambini."

"Basi funga na mdomo."

Nilikuwa napiga kelele peke yangu ndani ya pikapu: kulia, mama, kulia, kulia. Kona ya pili ikaja. Nikaona gari-nyumba likiinama kushoto mpaka nikaona vyuma vya tumboni. Likanyooka. Mwamba ukaisha.

"Naona kokoto," akasema LaVonne.

"Kokoto zipi?"

"Za malori."

"Vonne, tukiingia humo nyumba imekwisha. Hatuna nyingine."

"Najua tulicho nacho."

Hakuwasha taa ya kuashiria. Aligeuza usukani mara moja, kwa mkono wa mtu aliyeingiza basi kwenye mageti membamba maisha yake yote, na gari-nyumba likaingia katikati ya zile kokoto. Vumbi likameza kila kitu. Nilisikia vyombo vikivunjika ndani ya redio, muda mrefu, kabati baada ya kabati. Kisha kidole cha Merle kikaachia kitufe.

Nilisimamisha pikapu kando ya barabara nikakimbia. Magurudumu yalikuwa yamezama mpaka katikati. Gari jekundu lilikuwa limepanda nyuma ya gari kubwa, mikono ya kukokotea imepinda kama uma wa bati. Mlango ukafunguka. LaVonne akashuka, akakaa juu ya kokoto. Merle alibaki mlangoni anashikilia fremu, damu kidogo kwenye nyusi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikusemesha."

"Na mimi nikajibu," akasema LaVonne.

"Na mimi sikuuliza sanduku," akasema Merle. "Tugawane kosa kwa tatu, tuendelee."

Lori la kuvutia magari, lililoitwa na mpita njia aliyefika mjini, lilifika baada ya saa mbili, dereva wake Thayne, mtu wa Lovell mwenye mikono kama koleo. Aliwachomoa, akatenganisha magari, akalala chini ya gari-nyumba kwa muda.

"Mafuta ya breki yamepoa, pedeli imerudi," akasema. "Lakini pedi za breki zimebaki nyembamba. Hapa mpaka chini ni maili nne. Naweza kuliteremsha kwenye ndoano, ama mama aliteremshe kwa gia ya kwanza, breki aziguse kama sufuria ya moto. Mimi ningelining'iniza."

LaVonne alilitazama lile teremko. Akaiweka mikono kwapani.

"Nikiliacha lishushwe leo," akasema, "kesho sitaliendesha. Na huyu haoni. Tutaishi wapi, kwenye kokoto?" Akamgeukia mumewe. "Wewe panda kwa Thayne."

"Sipandi."

"Merle, ni hatari. Huoni hata mbele."

"Ndiyo maana siogopi."

Akamwacha. Kisha akanigeukia mimi, akanirushia ufunguo wa gari jekundu.

"Hili bado linatembea. Wewe utatangulia."

"Nitakufuata nyuma, mama, nikuangalie."

"Mbele. Breki zangu zikikataa tena, nataka nikupate wewe kwanza."

Maisha yangu yote sijawahi kukubali bei ya kwanza. Siku ile nilifungua mlango, nikalisukuma sanduku kando, nikakaa.

Tuliteremka maili kumi na tano kwa saa. Kioo changu cha nyuma kilijaa uso wa gari-nyumba, hakuna mbingu wala barabara, na injini yake ikilia kwenye gia ya kwanza kama ng'ombe anayezaa. Kila kona niliusikia mlio ule ukipanda, nikashika usukani, nikahesabu. Akakanyaga kwa nguvu, akaachia. Mlio ukashuka. Akakaa bila kukanyaga, muda mrefu kuliko nilivyopenda, mpaka nikaona nembo ya mbele yake ikinikaribia kiasi cha kuisoma. Kisha kanyaga moja tena, nzito. Ndani yake mtoto yeyote angelowa maziwa mpaka soksi. Alikuwa amejifunza mlima kwa asubuhi moja.

Mashamba yalipoanza, barabara ikalala. Nikasogea pembeni. Akasimama kando yangu, akashusha kioo, akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Nikampa.

"Pikapu yako iko juu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Maili nne."

Nilimwangalia nione kama anatania. Merle, upande wa pili, alikuwa anacheka bila sauti. Yeye hakucheka.

"Anza sasa hivi, utafika kabla ya giza."

Nikavua koti, nikaanza kutembea.