Fundi Kioo na Beseni Linalotetemeka

Fundi Kioo alipewa jina hilo kwa sababu mbele ya bizimu zake za mikanda mtu angeweza kunyoa ndevu asijikate. Miaka ishirini na sita alizing'arisha kwa msasa, kitambaa na ubishi. Sasa kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba, na daktari hakumung'unya maneno: ama aache kusugua, ama mkono uache kazi zote, hata ya kushika kikombe.

Mkewe, ambaye ndiye aliyeshona hiyo mikanda, akaulizia huku na kule mpaka akapata jibu. Kuna mashine, beseni lenye mota chini yake. Unatia vyuma pamoja na vijiwe, linatetemeka mpaka vyuma vinang'aa. Muuzaji alikuwa nazo mbili, kubwa na ndogo, akawaambia walete bizimu zao wazijaribu kabla ya kuchagua.

Asubuhi ya safari, mke akamkuta mumewe karakanani, jasho linamtiririka, anasugua.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Natayarisha za kupeleka."

"Unang'arisha vya kwenda kung'arishwa?"

"Ulitaka nipeleke takataka kwa watu? Mimi nina jina, mama watoto!"

Mtu mwenye jina habishiki. Mke akachota konzi mbili za bizimu mbichi, zimefubaa hata hazitazamiki, akazitumbukiza kwenye mkoba.

Dukani, fundi akamwaga zake mezani kwa mbwembwe. Muuzaji akaiona sura yake humo, akaweka sawa kilemba, kisha akauliza kwa adabu:

"Mzee, sasa hizi mashine izifanye nini?"

"Hata mimi najiuliza, dada yangu," fundi akajibu, ameridhika kweli kweli.

Hapo mke akafungua mkoba. Zile mbichi zikagawanywa, nusu huku, nusu kule, mashine zikawashwa. Wakakaa kwenye benchi saa nne nzima. Beseni kubwa liliunguruma, likazigonganisha bizimu mpaka zikatoka na makovu usoni, na fundi akafurahi nusura aage aondoke. Dogo lilivuma polepole. Bizimu zilizotoka humo, laini bila kovu, mke alizifuta, akazitia alama ya chaki kwa nyuma, akazichanganya na za mumewe.

"Haya, Fundi Kioo. Nitolee kumi zako."

Akafumba macho, akazipitishia kidole gumba usoni, moja moja, kwa madaha. Hii yangu. Hii yangu. Hii ya beseni, toa hapa. Zilipotimia kumi, mke akazigeuza. Saba zilikuwa na chaki.

Hakuna aliyecheka, hata mke, aliyekuwa akimngoja mumewe akosee tangu siku ya harusi. Fundi aliziangalia zile saba. Iliuma, na hakuweza kuficha.

"Tuchukue hilo dogo," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na mimi je?"

Mke akaushika ule mkono uliovimba, akauweka mapajani pake, mbele za watu.

"Huu nauhitaji mimi nyumbani," akasema, na muuzaji akainama haraka chini ya meza kutafuta kitabu cha risiti, ambacho kilikuwa juu ya meza.