Ndoo ya Maua ya Manjano

Jana, mlangoni mwa supamaketi, harufu mbichi ya maua ya manjano, yale yanayotangulia kuchanua baridi ikianza kupungua, ilinisimamisha.

Nilikuwa mdogo. Shangazi alinichukua tukauze ndoo nzima ya maua kama hayo nje ya stesheni ya treni ya Rayners Lane, ughaibuni, kuwachangia wagonjwa wa saratani. Mama tulimwacha nyumbani, kalala, hana nguvu hata za kunisuka nywele. Vidole vyangu viliganda kwa baridi, vikanata kwa utomvu wa mashina. Kila treni ilipopita niliuliza, "Shangazi, twende zetu?"

"Tumalize ndoo kwanza, mwanangu."

Basi nikawakimbilia wapita njia, nikiuza mbiombio. Yeye aliuza polepole, akimzungumzisha kila mtu. Halafu Mzungu mmoja mzee akasema atayanunua yote yaliyobaki. Niliruka kwa furaha.

Shangazi akampa shada moja tu. "Haya mengine tuachie," alimwambia kwa Kiingereza.

Nililia, nikaipiga ndoo teke. Akanifunika kwa koti lake, akatazama saa, akasema, "Bado kidogo."

Tulipofika nyumbani, viatu vya watu vilikuwa vimejaa mlangoni, na kitanda cha mama kimeshatandikwa, kitupu.