Siku Mwenyekiti Alipoingia Jikoni

Nyumba ya Mzungu ilinukia nta ya sakafu na moshi wa mkaratusi, na iliendelea kunukia hivyo miezi mingi baada ya Mzungu mwenyewe kufunga virago. Nilikuwa nikiweka pua kwenye ufa wa mlango wa nyuma na kuvuta pumzi hadi kifua kiniume. Humo ndani baba yangu alikuwa amepika kwa miaka mingi: mikate, supu, keki za Krismasi ambazo sisi wanawe tulizijua kwa harufu tu. Sasa nchi ilikuwa imepata uhuru. Shamba lile kubwa la Lugari lilikuwa limekatwa vipande, na kipande kimoja kilikuwa chetu. Baba alikipanda mahindi. Kila asubuhi alisimama mpakani na jembe begani, akiyatazama kana kwamba kuna mtu angetokea kuyadai.

Jamaa wengine walikuja kutoka Maragoli, Bunyore na kwingineko, na ng'ombe wao, na kuku waliofungwa miguu. Miongoni mwao alikuwa Bwana Lusweti, aliyewahi kuwa karani mjini Kakamega. Alikuja na baiskeli, redio, miwani, na binti wa rika langu aliyeitwa Eseri. Alichaguliwa kuwa mwenyekiti wetu hata kabla nyumba yake haijaezekwa. Nilimuuliza mama kwa nini yeye. "Ana miwani," mama akajibu, akacheka hadi mwiko ukamponyoka. Mimi sikucheka. Niliona nimepewa habari ya maana.

Shuleni Chekalini, Eseri hakuchelewa kuniwekea alama. "Huyu ni mtoto wa boi," aliwaambia wenzetu. "Baba yake alikuwanga anafua hata soksi za Mzungu." Baba alikuwa mpishi, hakuwahi kufua soksi za mtu, lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Tulipokwenda kisimani wakati wa mapumziko nilisukumwa hadi mwisho wa foleni. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba walionisukuma walikuwa pia watoto wa watu waliopalilia mahindi ya Mzungu yule yule. Hakuna mwalimu aliyepanga foleni ile. Hakuna aliyetoa amri. Ilijipanga yenyewe, na kila mmoja alijua mahali pake.

Jioni ile nilimwendea baba akinoa panga. "Baba, sisi ni watu wakubwa au wadogo?"

"Nani anauliza?"

"Mimi."

Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Basi chunguza. Ukipata jibu, uniambie."

Hakunitania, nami sikulichukua kama utani. Nikaanza kuchunguza. Njiani nilitazama nani anamvulia nani kofia, nani anangoja kusalimiwa, nani anapisha. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alisalimiwa kwa mikono miwili kila alipopita, lakini akishapinda kona watu walibinua midomo. Kwa hiyo, nilijiambia, kuna heshima inayokwisha mtu akigeuza mgongo. Jambo hilo lilinikosesha raha, kwa kuwa sikujua namna ya kuitambua ile nyingine.

Nikafanya jaribio. Memsahibu, mke wa Mzungu, alikuwa ameacha kofia ya majani yenye utepe wa buluu, na kuku wetu alikuwa akitagia ndani yake. Nilimwomba mama, nikaipangusa, nikaivaa shuleni. Asubuhi hiyo njia ilifunguka mbele yangu! Eseri mwenyewe aliomba tutembee pamoja. Kufikia saa sita kila kichwa cha darasa letu kilikuwa kimekwisha kuingia ndani ya kofia ile, na wa mwisho aliponirudishia, nilikuwa mtoto wa boi kama jana. Waliyoipa heshima ilikuwa kofia. Mimi nilikuwa nimeibeba tu.

Kisha ukaja mkutano. Jumamosi moja alasiri watu wazima walikusanyika kwenye baraza la nyumba ya Mzungu kuamua itumiweje. Wapo waliotaka iwe ghala la mahindi. Wengine, mama akiwa mmoja wao, walitaka iwe shule ili wadogo wasitembee hadi Chekalini. Tena kulikuwa na mnong'ono kwamba mwenyekiti anaitaka ahamie yeye. Sisi watoto tulijibanza nyuma ya maua kusikiliza. Baba alifika amevaa shati safi, akaketi kwenye benchi la mbele.

Bwana Lusweti alitazama huku na huku, macho yake yakamwangukia baba. "Mpishi, hebu tuletee chai kabla hatujaanza."

Watu wawili watatu walicheka. Eseri, aliyekuwa kando yangu, aligeuka kunitazama. Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitaka baba apige kelele, nilitaka pia ainuke haraka aende ili jambo lile lipite, na sikujua ninataka lipi zaidi. Mama alikuwa ameinamisha uso.

Baba hakuinuka. "Bwana Mwenyekiti," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi mezani, "ukija kwangu nitakupikia chai, tena kwa furaha. Leo nimekuja mkutanoni kama wewe."

Bwana Lusweti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Sote nyuma ya maua tulijua kinachofuata, kwa sababu tuliwajua wakubwa wakijibiwa. Lakini yeye alisimama. "Umesema kweli," alisema. "Mwenye kiu ni mimi." Akaingia ndani, akaelekea jikoni.

Tulisikia sufuria ikianguka. Kisha nyingine. Baba akatabasamu, akainuka. "Huyu atatuchomea shule," alisema, akamfuata.

Tulikimbia hadi dirisha la nyuma. Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti akipuliza moto, machozi yakimtiririka, na baba alikuwa akimwonyesha namna ya kupanga kuni. Walikuwa wakizungumza. "Wangu akirudi kutoka Chekalini hawezi hata kula," nilimsikia baba akisema. "Analala na kijiko mkononi." Bwana Lusweti akajibu, "Na wangu vilevile. Mama yake hataki tena aende." Nilimtazama Eseri. Naye alinitazama, kisha sote tukaangalia chini.

Walitoka pamoja, mwenyekiti ameshika birika, baba vikombe. Kikombe cha kwanza mwenyekiti alimpa mama yangu. Chai ilinuka moshi, wanawake walisema baadaye, lakini waliinywa. Nyumba ikawa shule. Tangu siku hiyo Bwana Lusweti alimwita baba "Baba Nekesa", kwa jina langu, na wengine wakafuata taratibu, ingawa mzee mmoja jirani alimwita Mpishi hadi alipozikwa.

Jumatatu, kisimani, Eseri alisimama nyuma yangu. Kisha akauliza, "Baba yako anaweza kunifundisha keki?" Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Alikuja.

"Umepata jibu?" baba aliniuliza juma hilo.

"Bado. Mwenyekiti amekuwa mkubwa kwa kwenda jikoni. Wewe umekuwa mkubwa kwa kukataa kwenda, halafu ukaenda. Sielewi."

"Hata mimi sielewi vizuri. Ungeniuliza asubuhi ya mkutano, ningekuambia nitapika tu."

Hadi leo sijui ni nini kilichomwinua Bwana Lusweti kitini. Aliishi miaka mingi jirani yetu, nami sikumuuliza, kwa kuwa zamani zile mtoto hakumuuliza mtu mzima swali la namna hiyo. Tulichungulia madirishani, yaliyobaki tukayakisia. Sasa ninaishi mjini Kakamega, na mjukuu wangu hapo shuleni kwao anapimwa kwa gari linalomshusha langoni. Majuzi aliniuliza kama daktari ni mkubwa kuliko mwalimu. Nikamwambia achunguze. Jumapili, ibada ilipokwisha, alisimama kando ya ukuta akitazama watu wakitoka, kisha akaja mbio akanishika mkono mimi nyanya yake.

"Kukhu, wote wanamwendea yule mama anayefundisha kwaya. Hata pasta. Na hana gari!"

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Sijui," alisema, na tayari alikuwa ameniachia mkono. "Ngoja nikamuulize."