Andazi la Haradali Siku ya Posa

Nimekaa na aibu hii muda wa kutosha kuweza kuisimulia bila kujifunika uso kwa mtandio, ingawa tukifika pale penye kisu mtaniruhusu nivute pumzi kidogo. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Tanga, niliyesomea shahada yangu ya pili Leipzig, ninayefasiri mikataba ya watu wazito na kuitwa kwenye vikao vya Waswahili wenzangu hapa Dubai kila panapohitajika mtu wa busara. Na ni mimi huyo huyo niliyekaa mbele ya wakwe watarajiwa wa binti yangu nikala maandazi matatu mfululizo, huku wao nimewanyang'anya sahani.

Mume wangu anaitwa Dieter, na tangu aliposilimu kabla hatujafunga ndoa anaitwa pia Daudi (tukiwa wawili namwita Dieter, wakija wageni anakuwa Daudi, naye huitikia yote mawili kwa utulivu uleule). Kichekesho cha nyumba yetu ni kwamba Mjerumani ni yeye lakini Ujerumani ninao mimi. Yeye mpe wali wa nazi na samaki wa kupaka, humsikii akiuliza habari za kwao. Mimi ndiye ninayeviringisha nyama ya ng'ombe ndani ya majani ya kabichi kila baridi inapoingia kule, na ndiye ninayeoka biskuti za mdalasini mwezi wa Desemba katika fleti yetu ya Discovery Gardens, kiyoyozi nimekishusha hadi mwisho na sweta nimevaa, ili mikono ipate kuamini kuwa ni majira ya theluji. Mama yake ndiye aliyenifundisha yote hayo, jikoni kwake, kwa kunishika viganja na kuvikandisha unga pamoja na vyake, maana Kijerumani changu wakati huo kilikuwa cha darasani na chake cha kijijini. Mimi na Dieter tulikubaliana mapema kuwa mambo ya kanisani tutayaacha kanisani na ya jikoni tutahama nayo. Mama mkwe amefariki sasa, na kila desturi yake ninayoiacha naona kama nimeufunga mlango wa jiko lile kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyonayo ya kujitetea, kwa hiyo naomba muipokee.

Sasa, siku ya mwisho ya mwaka watu wa kwao hukaanga maandazi ya mviringo, makubwa kama ngumi, yanayojazwa jamu ndani na kunyunyiziwa sukari ya unga juu. Kwa ulaini yanakaribia mahamri, ila hayana iliki. Na katika kila sahani andazi moja hujazwa haradali badala ya jamu, kwa siri. Atakayeliuma huchekwa na meza nzima, kisha huambiwa kuwa mwaka wake utakuwa wa bahati. Ni utani wa watu ambao kwa kawaida hawana utani mwingi, na mama mkwe wangu (mwanamke aliyekuwa akipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo) aliusubiri mwaka mzima.

Siku hiyo nilikuwa nimekaanga kumi na mawili, yetu wenyewe, ya jioni yetu. Wageni hatukuwatarajia mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, nao hawakuwa wageni wa mchezo: walikuwa wanaleta posa ya binti yetu Salma. Kijana, Nabil, anasimamia ghala kule Jebel Ali na hakuna aliyekuwa na neno naye. Neno lilikuwa kwa mama yake, Bi Rukia, mjane wa Kimombasa anayeuza vitambaa Bur Dubai tangu sisi hatujafika, ambaye alimpenda Salma lakini alikuwa na wasiwasi na wazazi wake.

"Mama, amemuuliza Nabil kama jikoni kwetu kunaeleweka," Salma aliniambia siku chache kabla, akijaribu kucheka.

Nikaelewa. Yule mama alitaka kujua kama Uislamu wa Daudi umefika hadi kwenye friji. Na msemaji wao angekuwa kaka yake, Mzee Athumani, aliyekuja kutoka Mombasa kwa ajili hiyo tu. Mpaka yeye afungue maneno, posa haijawa posa.

Adhuhuri simu ikalia. Ndege ya Mzee Athumani imebadilishwa, anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo watakuja leo baada ya Alasiri, mapema, kabla barabara hazijafungwa kwa ajili ya fataki. Nikasema karibuni sana, inshallah, nyumba ni yenu. Nilipokata simu nilikuwa bado nimeshika bomba la sindano, lile kubwa lisilo na sindano ninalojazia jamu; maandazi kumi na moja yalikuwa tayari, limebaki moja, na kando yake chupa mbili, ya jamu na ya haradali. Mwanamke mwenye akili timamu angechukua jamu. Mimi nilisimama pale nikajiambia kuwa maandazi haya hata mezani hayafiki, wageni watakula sambusa na halua, na wakishaondoka desturi yetu itaendelea kama miaka yote; nikavuta haradali, ile kali, nikaisukuma yote ndani, nikaliweka andazi lile peke yake kwenye kisahani ili nilijue, nikaenda kuoga.

Salma naye, kwa jakamoyo la mtu anayekuja kuposwa, hakuweza kutulia. Alipanga upya mito, akapangusa meza iliyokuwa safi, kisha akaingia jikoni, akaliona andazi moja limetengwa, akalionea huruma, akalirudisha kwa wenzake na kuyanyunyizia yote sukari mpaka yakafanana kama mayai ya kuku mmoja.

Wageni walifika wawili, Bi Rukia na kaka yake, wakaketi, tukaulizana habari za kila aliye hai Mombasa na Tanga. Kahawa ikapita. Sambusa zikapita. Na hapo Salma akatoka jikoni na sahani kubwa, akaiweka katikati ya meza.

"Haya ni ya kwa kina baba," akasema kwa haya. "Mama ameyapika mwenyewe."

Nikayahesabu kwa macho: kumi na mawili.

Mzee Athumani, kama mkubwa wa kikao, alichukua la kwanza, akasema bismillahi, akaliuma, akatafuna polepole, akalimaliza. "Mashallah," akasema. Nikamshukuru Mungu kuwa moja limepita salama. Bi Rukia akanyoosha mkono.

"Hayo bado ya moto, Bi Rukia," nikasema, nikaiondoa sahani chini ya vidole vyake.

"Ya moto? Mbona kaka yangu amelila?"

"Lile lilikuwa la pembeni," nikajibu (shahada mbili, jamani), nikakimbilia jikoni.

Jikoni nikayapanga kumi na moja mbele yangu, nikayanusa, nikayabonyeza, nikayainua kwenye taa kama mnunuzi wa mayai sokoni. Yote yalikuwa na tundu dogo ubavuni, yote yalinukia sukari. Nikauma moja: jamu. Na nilikuwa nimejaza mdomo hivyo hivyo wakati Daudi alipoingia, akaitazama sahani, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mama Salma, umeyasahau haya," akaibeba na kurudi nayo sebuleni kabla sijameza.

Nilichofanya baada ya hapo sina namna ya kukipamba. Nilirudi, nikaketi karibu na sahani kuliko mtu mwingine yeyote, na kila mkono wa Bi Rukia ulipojongea mimi nilitangulia. La kwanza, jamu. La pili, jamu. La tatu nililitia mdomoni karibu lote, sukari ikanimwagikia kifuani, huku nikimuuliza Bi Rukia habari za biashara.

"Biashara alhamdulillahi," akasema, akinitazama. "Mama Salma, niwie radhi, mbona wala peke yako na sie watukataza?"

"Siwakatazi, dada. Ni kwamba leo hayakutoka vizuri."

"Nawe wala la tatu."

"La nne," Daudi akasahihisha. "Moja amelila jikoni."

Bi Rukia akaweka kikombe chini. Swali lililofuata hakuniuliza mimi, alimgeukia Daudi moja kwa moja. "Yamekaangwa kwa mafuta gani?"

Na Daudi, ambaye tangu nimjue hajawahi kujibu swali kabla ya kulitolea historia yake, akaweka mikono magotini akasema, "Kwa asili, kwetu, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe."

Kisha akanyamaza ili avute pumzi. Nadhani ndiyo pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kuvuta.

"Lakini haya," akamalizia, "ni ya alizeti."

Hakuna aliyesikia alizeti. Bi Rukia alikuwa ameshashika mkoba, analiweka sawa buibui lake begani. "Athumani, twende. Barabara zitafungwa."

Salma alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na birika mkononi, na uso wake ulikuwa umekwisha kuelewa kuwa posa inaondoka kabla haijasemwa. Hakunilaumu. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama utotoni akianguka, akisubiri kujua kutoka kwangu kama ameumia au la. Ndipo nikasimama, na sukari yangu kifuani, nikasema kweli: kwamba moja lina haradali, kwamba nimelitia mimi mwenyewe kwa makusudi, kwamba ni utani wa kwao wa mwisho wa mwaka, na kwamba muda wote huu nilikuwa nalitafuta wasije wakaliuma wao.

"Haradali," Bi Rukia akarudia. "Ndani ya andazi tamu. La posa."

"Halikuwa la posa."

"Kwa hiyo wewe na mumeo, watu wazima, hukaa mkatiliana haradali kwenye maandazi."

"Kila mwaka," Daudi akathibitisha, tena kwa fahari.

"Leteni kisu," akasema Bi Rukia.

Daudi aliyapasua saba yaliyobaki, moja baada ya jingine, kwa nusu zilizolingana kabisa, akizipanga kwenye sinia kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. La kwanza, jamu. La pili, jamu. Kufikia la tano nilikuwa naomba dua ya haradali, dua ambayo sidhani kama kuna mja aliyewahi kuipeleka mbinguni kabla yangu. La saba likafunguka, jekundu, linang'aa, tamu.

"Haradali yako iko wapi, Mama Salma?"

Kama haradali haipo, basi mbele ya macho yake nilikuwa nimewaficha kitu kingine, na sote tulijua ni kitu gani anachokifikiria.

"Nimelila mimi," akasema Mzee Athumani.

Tukageuka sote. Tangu aseme mashallah hakuwa ametamka neno jingine, nami nilidhani anayapanga maneno ya posa.

"Lile la kwanza," akaendelea. "Nilipolitia mdomoni pua ilifunguka mpaka utosini."

"Na usiseme?" dada yake akamuuliza.

"Niseme nini, Rukia? Nilidhani ndivyo walavyo Wajerumani. Nimetoka Mombasa kuja kuomba mtoto wa watu, halafu niteme chakula chao zuliani?" Akajipangusa macho, ambayo sasa niliona kuwa yalikuwa mekundu. "Nilikuwa namhurumia Nabil tu, kwamba ndiyo atakuwa akila haya maisha yake yote."

Bi Rukia alimtazama kaka yake, akazitazama zile nusu kumi na nne za maandazi, na mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya buibui. Alijaribu kukizuia kicheko kwa ncha ya mtandio. Hakikuzuilika.

"Naomba maji kwanza," akasema Mzee Athumani. "Halafu naomba mtoto."

Nimeifikiria sana siku ile. Haradali yenyewe haikuwa na kosa kubwa. Ningesema dakika ya kwanza kuwa kuna mzaha humo ndani, tafadhali yafungueni kabla ya kuyauma, tungecheka na kahawa ikaendelea. Lakini nilitaka wakwe wanione mwanamke mzito, msomi, asiye na michezo, na ili nilinde sifa hiyo nikakubali kuonekana mlafi, kisha mwongo, kisha karibu mla nguruwe. Nimejiapiza kwamba kitu nisichoweza kukitaja kwa jina lake kabla mgeni hajasema bismillahi hakitafika mezani kwangu. Desturi ya mama mkwe tunayo bado, ila andazi lile sasa hujazwa wageni wakishaondoka, na mwaka jana alilipata Daudi.

Bi Rukia ni mkwe mwenzangu sasa, na hunitembelea kila anapopata nafasi. Nikimwekea vitumbua huchukua kimoja, hukipasua kwa vidole gumba viwili, huchungulia ndani bila haraka, kisha ndipo husema bismillahi. Simlaumu. Nakaa na mikono mapajani, nasubiri amalize ukaguzi.