Mtu Mzima Anayetembea Bure

Nilipokuwa nachuma chai nilikuwa mwembamba kama ufito wa ua. Halafu nikasoma masomo ya jioni, nikapata cheti. Cheti kikanipa kiti katika ofisi ya kupimia majani, na kiti kikanipa tumbo. Tumbo lenyewe hufika mahali kabla yangu, likasalimiwa, likapewa chai, ndipo mimi naingia.

Sikulijali mpaka presha ilipompoozesha kaka yangu upande mmoja. Nikaenda kliniki Longisa kupimwa. Daktari, msichana wa rika la binti yangu, alitazama mashine kisha akanitazama mimi.

"Mzee, tembea nusu saa kila siku. Si kukimbia, jasho kidogo tu. Nusu ya sahani iwe mboga, na sukari upunguze. Rudi baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, tutaanza vidonge, na hivyo ni vya maisha."

Nilikuwa nimemwona kaka akilishwa uji kwa kijiko kama mtoto. Sikubishana.

Chakula hakikunishinda. Bibi yangu, mama watoto, alikata ugali wangu ukabaki kama ngumi ya mtoto mchanga, akajaza sahani isagek, mboga yetu chungu ambayo ladha yake unaimeza mpaka Jumapili. Kilichonishinda ni kutembea. Jioni ya kwanza, sijatoka hata langoni vizuri, bodaboda akasimama.

"Mzee, panda."

"Asante, natembea."

"Unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Nafika pale kwa mikalitusi, narudi."

Akazima pikipiki kabisa. "Umesahau nini pale?"

"Sijasahau kitu!"

"Kwani mama amekufukuza?"

Kesho yake alisimama dereva wa lori la majani, jirani yangu wa miaka. Nilipokataa lifti, uso wake ukasawijika. "Kama nimekukosea, sema." Ningefanya nini? Nikapanda. Kwa furaha ya urafiki wetu kupona, akanipeleka hotelini Chepseon, akaninunulia chapati na chai tamu ya kusimamisha kijiko. Nilitoka nyumbani kupunguza mwili, nikarudi nimenenepa!

Halafu wakaja akina mama wa kanisa. Habari ilikuwa imeenea kwamba natembea peke yangu jioni, sina mzigo, nakonda, na sisemi kinachonisumbua. Walikuja na maombi, nyama, kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, na ugali mkubwa kama Mlima Londiani. Aliyewaongoza, mama mzee wa kanisa letu, alifunua sufuria ya jikoni kwetu akaona isagek.

"Hii ndiyo mnamlisha mwanaume?"

"Ni daktari alisema, mama," nikajitetea.

"Huyo daktari ameolewa?"

"Sijui."

"Basi anajua nini juu ya kulisha mwanaume? Kula, mwanangu."

Nikala. Nani kwetu anaweza kukataa chakula kilichoombewa? Kila tonge nilimwona kaka na kijiko chake. Wageni walipoondoka nikakaa kwenye kochi nikanung'unika mpaka kuku wakahama uani. Mwezi mzima kati ya ile mitatu ulikuwa umekwisha, na kijiji kizima kimeamua kunizika kwa upendo.

"Shida yako ni kwamba hujabeba kitu," bibi akasema. Akaingia jikoni akanitolea mkebe wa maziwa, mtupu, akaufunga kifuniko. "Nenda hivyo."

Jamani! Tangu siku hiyo nilitembea kama gavana. Hapa kwetu mtu mwenye mkebe wa maziwa hasimamishwi, maziwa yataharibika. Bodaboda walinipisha. Dereva wa lori alipiga honi tu, pii, akapita. Nilifika kwa mikalitusi, nikaipita, nikapanda mlima wa pili.

Siku ya kliniki, daktari alipima, akapima tena. Presha ilikuwa imeshuka. Haijafika anapotaka, akasema, lakini vidonge vingoje. Niendelee.

Jioni hiyo nilikuwa nateremka na mkebe wangu, karibu niimbe, mama mzee wa kanisa akanisimamisha mbele ya lango lake.

"Watu wanasema una ng'ombe wa ajabu, kila jioni maziwa. Na mimi usiniuzie hata kidogo?"

Nilichoka kabisa. Nikafungua kifuniko. "Tazama, mama. Hakuna kitu. Natembea bure!"

Akachungulia mpaka kitambaa cha kichwa kikataka kuanguka ndani. Kisha akasogea karibu.

"Hata mimi niliambiwa nitembee, mwaka jana. Sasa mama mzee atembee bure, watu waseme nini?" Akaangalia barabara huku na huku. "Kesho ukipita, niite. Nina mkebe."

Sasa tuko wawili. Anasalimia kila ua, nusu saa inakuwa saa nzima, na kila siku lazima nimnong'oneze: "Mama, funika mkebe, watu wataona!"